Jina Lililobaki Ndani ya Wimbo

Yaya Byamungu, kaka yangu,

Ninakuandikia mlango ukiwa umefungwa, na nje ni mchana, jua linawaka. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kufunga mlango mchana. Cherehani yangu ilizoea kukaa barazani, watu wapite, niwatanie, niulize habari za nyumbani kwao hata zisizonihusu. Siku hizi nashonea ndani. Anayeleta nguo ananipitishia dirishani, na wengine wameacha kuleta kabisa.

Barua hii naiandika wazi kwa sababu anwani yako sina, na hata ningekuwa nayo ningeogopa kuitumia. Tena kuna watu hapa kambini Nakivale wanaosema habari zako bila kujua zilianzia wapi. Basi nao wasome. Sehemu kubwa ya haya ni ya kukutetea. Ni mwisho wake tu ndio umenishinda.

Nianze kwetu Kongo, maana hapo ndipo wasimuliaji wengi wanaporuka tu. Katika mji wetu mdogo ule juu ya ziwa, kabla ya vita, Papa Josefu (kwetu kila mwanaume mzima ni Papa) alikuwa fundi wa baiskeli siku za kazi, na Jumapili baada ya misa alikuwa mwenye orkesta. Walifanya mazoezi nyuma ya duka la Papa Mizani, muuza maharage na mafuta ya mawese. Watu walimwita Mizani kwa sababu ya mizani yake kubwa ya kuning'inia, ile aliyotupandisha sisi watoto mmoja mmoja, kisha akatangaza uzito wetu sokoni kana kwamba tunauzwa. Mimi alinitangaza kuwa mwepesi kuliko kuku. Nikalia, akanipa kipande cha muwa. Nalisema hili kwa kuwa ni kweli, ingawa najua hapa kuna watakaonichukia kwa kulisema.

Ni yeye aliyewanunulia orkesta amplifaya. Na kwa desturi ya wanamuziki wa kwetu, mtu akikutendea jambo kama hilo unamtupia libanga: katikati ya wimbo, gitaa likishika kasi, unalitaja jina lake kila mtu alisikie. Kwa hiyo Papa Josefu alipotunga ule wimbo wa mwanamke aliyevuka ziwa asirudi, akaweka katikati, "Papa Mizani, mutu wa batu, simama tukuone." Ndivyo jina lilivyoingia mle. Kilicholiingiza ni amplifaya, basi.

Wewe ulikuwa kijana wa kutumwa maji, ndoo inabaki kisimani, mwenyewe uko uani kwa Mizani unachungulia kwenye matete. Uliushika wimbo ule wote. Ulijua kupiga gitaa lake kwa mdomo, ulijua pale mpiga ngoma alipokosea, ulijua hata kile kikohozi. Maana Papa Josefu alikuwa na kifua kibovu, na kila mara kabla ya kubwagiza mara ya pili alikohoa kidogo, kikohozi kikavu, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu. Ulikuwa ukikiiga jikoni mama anacheka mpaka anashika mbavu.

Kisha ikaja tisini na sita, vita ikatutoa. Tulipita tulikopita. Tulifika Nakivale mimi, wewe na mama, tukapewa turubai na jembe, tukaanza kulima mahindi kama watu wengine. Papa Josefu hakufika popote. Waliokuja nyuma yetu walituambia alianguka njiani, na kifua kile.

Unaikumbuka harusi ya kwanza ya watu wa kwetu hapa kambini? Ulikuwa umejitengenezea gitaa la mbao, nyuzi zake waya za breki za baiskeli. Ukasimama, ukasema, "Huu wimbo ni wa Papa Josefu. Mimi naupitisha tu." Bibi mmoja aliyekaa mbele akakuonya, "Imba vile ilikuwa. Usiongeze kitu yako." Ukaimba vile ilikuwa. Ulipofika pale pa Papa Mizani ukalitaja jina, na wazee wakatikisa vichwa wakakumbuka maharage. Ulipofika kwenye kikohozi ukakohoa, na watu wazima wakaangua kilio. Mama naye. Mimi nilikuwa msichana mdogo, lakini niliona: kwa muda ule sote tulikuwa kwetu, na ni wewe uliyetupeleka.

Miaka ile mwimbaji mzuri alikuwa huyo. Mwenye kuimba kitu cha watu bila kukiharibu. Yule bwana wa Rubondo, humuhumu kambini, aliyeingiza jina la mchumba wake mahali pa yule mwanamke wa ziwani aliambiwa mbele ya wageni, "Umeharibu wimbo ya batu, kaa chini," na akakaa. Nani angekulaumu wewe kwa jina lililokuwa mle? Ungelitoa ndipo ungelaumiwa.

Mjini Mbarara nako walikuwa hivyohivyo. Kuna Hajji yule mwenye duka la kurekodi kanda, ulimpitia siku ulipopeleka maharage sokoni. Alikuingiza chumba cha nyuma kilichotundikwa mablanketi ukutani, akakuimbisha mbele ya redio kaseti. Ulipomaliza, alishika kalamu kuandika kwenye ganda akakuuliza, "Mwenyewe nani? Nisiwaandikie watu uongo." Ukamwambia. Akaandika wimbo wa Josefu, sauti ya Byamungu. Kanda zile zilipigwa kwenye saluni, kwenye maduka, kwenye pikapu za kuja huku, na hakuna aliyekuita mwizi. Wewe mwenyewe uliniambia hutaki kingine duniani.

Sijui hasa ni lini upepo uligeuka. Redio za FM ziliongezeka, kisha zikaja simu zenye kadi za muziki. Mtu anayetaka wimbo wa fulani anao mfukoni, na sauti ya fulani mwenyewe. Wewe wa nini tena? Baa za Mbarara zikaleta vijana wa karaoke, wanafumbua midomo tu, sauti ni ya mashine, na wateja wanawarushia noti kwa kuwa wanacheza vizuri. Halafu kikaja kizazi kingine ambacho hata hao kikawacheka. Hao walitaka uwe na chako. Kijana wa juzi tu, hajui hata kukaza uzi wa gitaa, ana wimbo wake mwenyewe wa maneno manne na anakuangalia kama unanuka.

Harusi ile ya Nyamitanga, kulekule Mbarara, siisahau, nilikuwa nimekuja kumvalisha bibi harusi gauni nililolishona. Ulianza vizuri. Ukasema jina la Papa Josefu kama kawaida, na hapohapo meza ya vijana ikaanza, "Kopi! Kopi!" huku wanapiga makofi. Msema chochote, yule mwongoza sherehe, akakujia na tabasamu lake, "Sebo, bwana, ya kwako hakuna? Watu wanataka ya kwako." Ulilishusha gitaa. Ulikuwa umeshaota mvi kidogo hapa pembeni. Nilitamani kumpiga yule mtu na mkasi wangu.

Tulipofika nyumbani, mama akakuuliza kama umekula, ndipo ukasema, "Miaka yote hii banasema niko muzuri juu naimba kama Josefu. Leo banasema niko mubaya juu naimba kama Josefu." Ukaenda kulala na viatu.

Ulijaribu kutunga, nakupa haki yako. Ulikaa barazani asubuhi baada ya asubuhi na lile gitaa, ukianza, ukiacha. Sauti ulikuwa nayo, mikono ulikuwa nayo, lakini maneno hayakuja. Kila uliloanza liliishia ndani ya wimbo wa mtu mwingine. Mimi nilikutania kwamba umebeba watu wengi tumboni, hakuna nafasi ya mtoto wako, na hukucheka. Tangu hapo nikaacha kukutania juu ya hilo.

Hajji alipofariki, mwanawe Shafiki alifungua studio chumba kilekile cha mablanketi, akaweka kompyuta. Siku uliyokwenda kurekodi nilikusindikiza, umevaa shati la kitenge nililokushonea. Ukamwimbia. Akauliza wimbo wa nani, ukamwambia habari ya Papa Josefu yote. Shafiki akasema, "Huyo amekufa? Sasa nani anamujua hapa? Sema ni yako, basi. Hii kitu ya kuimba ya watu, redio hawataki." Kisha akasikiliza tena. "Kikohozi toa, inaleta ugonjwa. Hiyo jina ya boss acha, inaingia na ngoma muzuri. Ni boss gani?"

"Ni wa zamani," ukasema.

Nikakuuliza kwa sauti ya chini, "Na jina la mwenyewe utalisema wapi?"

"Mudogo, hakuna fasi ya kulisema. Wimbo wenyewe mufupi."

Basi Papa Josefu akatolewa, na kikohozi chake, na Mizani akabaki. Sikupenda. Lakini redio ilipoutangaza, "Byamungu wa Nakivale, na kibao chake kipya," nilipiga vigelegele kama mwendawazimu, na sitajifanya sikufanya hivyo. Mama aliacha kupepeta mahindi. Watu wa New Congo, mtaa wa watu wa kwetu humu kambini, walikuja kukushika mkono. Walikuita artisti. Ulinunua miwani ya jua ukaivaa mpaka ndani ya nyumba, nikakuuliza kama tunakuchoma macho. Ulikuwa na furaha, yaya. Sikuwa nimekuona na furaha vile tangu Nyamitanga.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa. Miaka ileile walikuwa wanafika hapa watu wapya kutoka kwetu, kutoka vilima vilevile. Sisi wa zamani tuliwapokea na kuwauliza, fulani yuko, kanisa liko, daraja liko? Kuna vitu hawakupenda kujibu. Tulidhani ni uchovu.

Mmoja wao ni Mama Zawadi, mnamjua wote, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu na mtoto wake. Alikuja barazani kusubiri gauni lake. Redio ilikuwa imewashwa. Wimbo ukaja, nikaongeza sauti kwa majivuno, nikamwambia huyo ni yaya yangu. Alikuwa anatabasamu. Lilipopita lile jina, akasimama.

"Huyu yaya yako anamujua Mizani?"

"Papa Mizani wa maharage? Kila mtu wa kwetu anamjua. Alinipimaga mimi mutoto kwenye mizani yake."

Kisha akaniambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Baada ya sisi kukimbia, Mizani alifunga duka, akachukua bunduki, na vijana, na vilima. Sasa yeye ndiye mkubwa huko juu. Wakati wa mavuno alikuja kijijini kwao akatundika ileile mizani barabarani, juu ya mti, na kila nyumba ikaamriwa kuleta maharage yapimwe. "Bwana yangu alileta kidogo," akasema. "Mvua ilikuwa kidogo. Banamupeleka nyuma ya shule, mimi niko naona."

Nikamwambia wimbo si wako. Nikamwambia ni wa Papa Josefu, wa kabla ya vita, wewe unaupitisha tu, jina lilikuwa mle tangu zamani. Nilisema haraka haraka kama mwizi aliyekamatwa. Akajibu, "Redio imesema ni yake." Akachukua kitambaa chake kikiwa kimeshonwa upande mmoja tu, akaondoka.

Na hapo ndipo nataka kila msomaji aelewe, hata akitutukana baadaye. Zamani mtu akiimba cha mwenzake, maneno yalibaki ya mwenzake. Hakuna aliyekuuliza kwa nini unampenda yule mwanamke wa ziwani. Walipotufundisha kwamba kuimba cha watu ni aibu, kwamba lazima uwe na chako, kila neno lililotoka mdomoni likawa deni lako. "Mutu wa batu, simama tukuone." Kwa mtu aliyemzika mumewe nyuma ya shule, hayo yalikuwa maneno ya kaka yangu, yamesemwa mwaka huu, kwa furaha, kwa ngoma.

Nilikuambia siku ileile. Ulicheka, kisha ukaacha kucheka. Nikakusihi uende redioni useme ni kopi. Ukaniambia, "Niseme sasa si wangu? Batanicheka mara ya pili." Nikakasirika, nikakuambia afadhali uchekwe mpaka meno yao yadondoke. Tulinuniana mpaka mama akatupatanisha na chai.

Halafu mambo yakaanza, kidogo kidogo. Mama akifika bombani, wanawake wanahamisha ndoo zao mbali na yake. Tulirudi kutoka kanisani tukakuta gitaa lako la mbao limekatwa nyuzi zote, na limewekwa vizuri pale pale lilipokuwa, limeegemezwa. Hicho ndicho kilichonitisha, kuwekwa vizuri. Vijana wasiofanya fujo yoyote walikuwa wanakusalimu njiani, "Artisti, boss wako mzima?" na wanasubiri jibu. Uliacha kupita njia ile. Ukaenda mpaka Mbarara kumwambia Shafiki alifute jina, akakuonyesha simu yake: wimbo umeshatoka, uko kwenye kadi za watu, mpaka Kongo umefika. Hakuna wa kuurudisha. Neno lile la Kongo lilikupita. Mimi halikunipita.

Wakaja wale wanaume wawili. Ilikuwa saa za chai, mvua imekatika muda si mrefu. Wamevaa vizuri, viatu havina tope, na hilo lilinishangaza maana njia yetu ilikuwa uji mtupu. Waliongea Kiswahili cha kwetu kabisa. Waliomba kumwona artisti. Mama akafurahi kupata wageni, akaniambia nitie chai, nikawatia. Wakakuomba uimbe, ukaimba bila gitaa, ukiwa umekaa kwenye kigoda. Walijua maneno yote. Lilipofika lile jina walitazamana wakacheka, kicheko cha watu wanaosikia habari za mtu wa nyumbani mwao.

Mkubwa wao akauliza, "Huu wimbo ni wako kweli? Wewe ndiye uliutunga?"

Ulinitazama, yaya. Nilikutikisia kichwa. Nilisema kwa macho yangu yote, sema ni wa Josefu, sema unaupitisha tu. Ulikuwa na nafasi ya kusema maneno yaleyale uliyoyasema maisha yako yote mbele ya kila harusi. Naye yule bwana alikuwa anakuangalia kwa heshima, kikombe mkononi, hajanywa. Hakuna aliyewahi kukuangalia hivyo.

"Ni wangu," ukasema.

"Basi mukubwa wetu atafurahi. Kuna karamu, anataka uimbe. Utarudi kesho kutwa."

Uliuliza karamu iko wapi, wakasema ni upande wa Rugaaga, hapa jirani tu, gari liko barabarani. Ukavaa shati la kitenge. Ukachukua miwani. Mama akakuambia usisahau kula. Nilikushika mkono mlangoni nikakunong'oneza usiende, ukanijibu, "Mudogo, mara moja tu batu banaomba cha kwangu, unataka nikatae?" Muuza ndizi mmoja aliwaona mkipanda gari. Gari halikwenda Rugaaga. Lilishika njia ya Mbarara.

Nilipiga ripoti polisi. Afisa aliandika, hakuwa mtu mbaya, lakini aliniambia, "Dada, huyo ni mutu muzima. Yeye mwenyewe alienda na miguu yake." Ni kweli, hakuna aliyekuburuta. Nilikutafuta Mbarara kwenye baa zote zenye spika. Nilikwenda hospitali kuu, nikaomba kuonyeshwa hata wale wasiokuwa na majina. Kisha nikajiambia vijana wa hapa ndio waliokumaliza, wamelipiza. Nilimchukia kila aliyenisalimu. Nilimwendea Mama Zawadi mpaka mlangoni kwake, nikamuuliza mbele ya mtoto wake, "Mumemupeleka wapi?" Hakukasirika. Alisema, "Sisi tungemupiga hapa, mbele yako. Sisi hatuna gari."

Miaka miwili nilikuombea kama marehemu na kama aliye hai, kwa zamu, maana sikujua nikuweke wapi.

Mwezi uliopita nilipeleka simu yangu kuchajiwa Base Camp, kituo kikuu cha kambi. Kijana wa kibanda alikuwa anapiga nyimbo alizonakili kwenye simu ya mtu aliyefika karibuni kutoka kwetu. Wakasimama watu. Nilikujua kabla hujamaliza neno la kwanza. Nikashika ukingo wa meza yake, nikawaza, yuko hai, Mungu, yuko hai. Kijana yule akanitazama, na watu wote wakanitazama, na kwa kitambo kirefu sikujua kwa nini wananitazama hivyo. Sikuwa nimesikiliza maneno.

Niliunakili kwenye simu yangu, na sasa nimeyasikiliza. Unamwimba Mizani tangu mwanzo mpaka mwisho. Unasema yeye ndiye baba wa vilima, na mashamba yaliyoachwa yana wenyewe wapya. Unasema, "Ninyi muko kando ya ziwa la Nakivale, tunajua fasi muko. Mavuno yenu bado hayajapimwa." Unayasema hayo kwa sauti ile iliyomliza bibi yule.

Nilitafuta wimbo huu umeutoa kwa nani. Nilipitia kila wimbo ninaoujua, wa kwetu, wa ng'ambo, wa kanisani, nikitafuta hata mstari mmoja wa mtu mwingine, nipate pa kushika. Hakuna. Umetunga, yaya. Na ni mzuri. Unanifuata nikiwa nashona, mguu wangu unaupigia hesabu kwenye cherehani kabla sijajikamata.

Nimesikiliza pia kama kuna mtu amesimama nyuma yako na bunduki. Nimeweka simu sikioni, nimefumba macho. Sijui. Kaka niliyemjua miaka yote hiyo, na siwezi kujua kama anaogopa au anafurahi. Kama wamekulazimisha, nisamehe kwa kuuliza. Kama hawakukulazimisha, mimi sina la kukuambia, na hata watu wa hapa sitawazuia wanachokisema.

Mama amezeeka, masikio yameshuka, maneno hayashiki tena. Anachosikia ni sauti yako. Kila asubuhi ananiomba nimpigie ule wimbo, anakaa pale kitandani anatikisa kichwa taratibu, ananiambia, "Ongeza, mutoto wangu anaimba." Nami siwezi kuongeza kwa sababu ya majirani. Namwekea simu sikioni nimeziba pembeni kwa kanga.

Jana Mama Zawadi alikuja dirishani. Hakuwa na nguo ya kushona. Nilijiandaa kutukanwa, nilikuwa tayari. Aliuliza tu, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Na huu, aliuiga kwa nani?"

Alisubiri kidogo, akaenda zake. Tangu hapo nimefunga mlango.

Ule wa kwanza, yaya, nitautetea mbele ya mtu yeyote mpaka niishiwe pumzi: haukuwa wako, na wote walioucheza harusini wanajua haukuwa wako. Huu wa pili nakuachia mwenyewe. Ukipata njia ya kutoka huko, toka. Nenda Tanzania, nenda popote, lima, usiseme jina lako. Lakini huku usije. Wanaokusubiri ni wengi na wamekuwa wapole sana.

Mama anakusalimu. Anauliza utarudi lini, nami namwambia karibuni. Usirudi.

Mudogo wako,
Nabintu